Birika Lililokataa Kumsajili Babu Saa

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lenye mguu mmoja wa kuazima, chini ya paa la duka la fotokopi. Kushoto ipo meza ya kioo ya Babu Saa, fundi saa, mkubwa wetu kwa umri na mdogo wetu kwa maneno. Kulia yupo Mama Kahawa na jiko lake la mkaa, birika juu yake na vikombe vidogo ndani ya ndoo ya maji. Katikati tunakaa sisi tusio na haraka. Yupo Wembe, kinyozi ambaye wateja wake humfuata benchini kumkumbusha kwamba ana kibanda chake cha kunyolea. Yupo Kamanda, aliyelinda maghala ya watu mpaka akastaafu na sasa analinda benchi. Yupo Dalali, anayepangisha vyumba ambavyo hajawahi kuviona. Nipo na mimi, fundi miavuli, ambaye kiangazi kikiingia sina kazi nyingine zaidi ya kuwasikiliza hawa watu na kupandwa na hasira. Intaneti tunatumia ya duka. Mwenye duka alitupa neno la siri ili tumwangalizie mlango anapokwenda kula.

Siku hiyo Babu Saa alifanya jambo ambalo hatukuwahi kumwona akilifanya. Aliomba msaada. Alimsogezea Wembe simu yake juu ya kioo, akavua ile lenzi anayoivaa jichoni, akasema kwa sauti ya chini:

— Hebu nifungulie humu. Mimi herufi zimekuwa kama zimemwagiwa maziwa.

Kwamba macho yake si mazima tulikuwa tunajua na hatujui. Wiki iliyopita alimrudishia mwalimu mmoja saa yake, na mwalimu akarudi kesho yake akiwa amechanganyikiwa, maana mshale mrefu ulikuwa umefungwa pa mshale mfupi. Babu aliichukua ile saa, akaomba radhi, akakaa mpaka jioni bila kugusa bisibisi. Niliona, nikanyamaza. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa kuutoa ugonjwa huo wanakuja mara moja kwa mwaka kwenye hospitali ya mji wa pili, na usajili wao ni kwenye tovuti tu, na siku yenyewe ya kufunga usajili ilikuwa hiyo. Alishakwenda mwenyewe mpaka getini kwao. Mlinzi akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye anuani ya tovuti, kwa herufi ambazo hata sisi tungezisoma kwa kukunja uso.

Akitoka bila nafasi mwaka huu, mwakani hana meza. Alisema hivyo hivyo, bila kujihurumia: fundi saa asiyeona ni mzee aliyekaa mbele ya kioo. Na tayari kuna kijana wa kuuza makava ya simu aliyekuwa anapita kila siku akiipima meza ile kwa macho. Nilikuwa na wasiwasi kwamba Dalali ndiye aliyemleta, lakini sikuwa na ushahidi.

Basi Wembe akafungua. Ukurasa ukawa unazunguka. Sasa hapa ndipo tabia yetu ilipoingia. Penye watu wanne na simu nne, hakuna hata mmoja anayekubali kwamba simu ya mwenzake ndiyo itakayofanikiwa. Kamanda akatoa ya kwake, akasema Wembe ana vidole vya mafuta. Dalali akatoa mbili. Mimi nikatoa yangu, ambayo kioo chake kimepasuka lakini moyo wake mzima. Wote tukawa tunafungua ukurasa ule ule, kila mmoja anataka awe wa kwanza kumwambia Babu imekubali.

— Haya, imeandika kitu, akasema Wembe. Mia nne ishirini na tisa.

— Hiyo ndiyo bei? akauliza Dalali.

— Hakuna bei. Chini yake wameandika: umeomba mara nyingi mno.

Babu Saa akageuka.

— Nani ameomba mara nyingi?

— Wewe, Babu.

— Mimi nimeomba mara moja. Na hiyo moja ndiyo hii.

Alisema kwa uchungu, ungedhani amevuliwa kofia mbele ya wakwe zake. Huyu ni mtu ambaye mvua ikinyesha haombi mwavuli, na mimi nipo hapo na miavuli mitano. Mkewe alishatangulia, binti yake yuko mbali, na tangu nimfahamu sijamsikia akimwambia mtu nisaidie. Leo kasema mara moja, akajibiwa kwamba kazidisha.

Ikabidi tumfafanulie, na kila mmoja akamfafanulia lake. Dalali alishikilia kwamba hiyo ni namba ya foleni, kwamba Babu ni wa mia nne ishirini na tisa, na kwamba mbele yake kuna watu wanaolipia wengine kuwashikia nafasi, biashara anayoielewa vizuri sana. Wembe akasema hapana, bila shaka yupo mtu mwingine mwenye jina kama la Babu, msumbufu, ambaye amekuwa akiwaomba tangu asubuhi, na sasa dhambi zake zimemwangukia asiyehusika. Kamanda alisubiri wote wamalize. Kisha akasema kule hospitalini mtu akiwekewa alama ameshawekewa alama, na swali la kujiuliza ni nani aliyempeleka Babu kwenye faili.

— Faili gani? nikauliza.

— Ukilijua si faili tena, akanijibu, akanywa kahawa.

Chini ya ukurasa palikuwa na namba ya huduma kwa wateja. Dalali akawaandikia ujumbe, kwa Kiswahili kile anachotumia kwa wenye nyumba, cha kuinama inama. Jibu likaja kabla hajaweka simu chini, na sote tukafurahi, kwa sababu hatukujua bado kwamba jibu linalowahi hivyo halijamsoma mtu. Lilisema: mpendwa mteja, tunaelewa usumbufu unaoupata, tunathamini subira yako, tafadhali jaribu tena.

Tukajaribu tena. Tulijaribu kwa utii ambao wake zetu hawajawahi kuuona. Simu tano zote, vidole vyote, fungua, funga, fungua. Ikaja ile ile, mia nne ishirini na tisa. Dalali akaandika kwamba tumejaribu. Wakamwambia ajaribu tena baada ya muda mfupi. Kukazuka ubishi mkali wa muda mfupi ni kiasi gani. Wembe alisema ni kunyoa kichwa kimoja, Kamanda akasema inategemea kichwa cha nani, na wakati ubishi unaendelea wote walikuwa wanabonyeza.

Mwishowe Dalali akapiga. Ukapigwa muziki. Muziki ukakatika, sauti ikasema simu yetu ni muhimu sana kwao, muziki ukarudi pale pale ulipoachia. Mama Kahawa akajaza vikombe, mkaa ukakatika na kuongezwa, ndipo akapatikana binadamu. Alikuwa dada mwenye adabu ya kusoma kwenye karatasi. Dalali akaweka sauti kubwa ili wote tusikie.

— Namba gani inaonekana kwenye kioo chako?

— Mia nne ishirini na tisa, dada yangu.

— Sawa. Na kabla ya hapo ulikuwa unaona nini?

— Ilikuwa nyeupe.

— Nyeupe ya kawaida?

Dalali akatuangalia. Tukaangaliana. Hakuna aliyejua nyeupe isiyo ya kawaida ikoje, isipokuwa Babu Saa labda, na yeye hakuulizwa.

— Ya kawaida, akasema Dalali kwa kubahatisha.

Yule dada akatuelekeza tuzime simu, tuwashe, tujaribu tena, na ikigoma tujaribu kwa simu nyingine. Dalali akamwambia zipo nyingine. Akasema vizuri sana, basi tuzitumie zote. Akatuuliza kama kuna jambo lingine tungependa atusaidie. Dalali, ambaye hajawahi kukosa neno, alisema hapana asante, na nusura nimpokonye simu.

Tukazima, tukawasha. Wembe akakimbia kibandani kwake akaazima na simu ya mteja, mteja mwenyewe akaja nayo akiwa amenyolewa upande mmoja, naye akaanza kubonyeza. Hakuwa hata anajua tunachotafuta. Na hapo ndipo ile namba ikabadilika.

— Imesogea, akasema Wembe. Jamani, imesogea. Mia nne kumi na nane.

— Inapungua, akasema Dalali. Si niliwaambia ni foleni? Watu kumi na mmoja wameshahudumiwa.

— Imeandika na maneno. Ngoja. Imeandika... mimi ni birika la chai.

Babu Saa ndiye aliyeuliza kwa upole kama Wembe amesoma vizuri. Wembe akampa Kamanda, Kamanda akasoma, akanipa mimi, nikasoma. Ilikuwa imeandikwa hivyo. Kompyuta ya hospitali, mahali wanapofumua macho ya watu na kuyashona, ilikuwa inatueleza bila aibu kwamba yenyewe ni birika la chai.

Sote tukageuka kulitazama la Mama Kahawa, sijui kwa nini. Lilikuwa linafuka moshi wake kama kawaida. Mama Kahawa akatutazama sisi.

— Mkiniletea maneno ya hospitali kwenye birika langu hamtakunywa hapa, akasema. Na mimi nauza kahawa. Chai si yangu.

Basi kila mtu akatafuta maelezo. Wembe alianza kwa upole: huenda ile kompyuta na birika la manesi vimechomekwa tundu moja la umeme, na wanapochemsha chai, waya hupitisha habari za birika. Ilionekana ina akili kidogo. Dalali akaiboresha. Alisema mkuu wa kompyuta kaenda kunywa chai, na siku hizi ofisi za kisasa haziandiki kwamba mtu katoka, zinaandika kitu anachokifanya, na kwa hiyo tusubiri tu amalize kikombe. Kamanda akatikisa kichwa kwa huruma. Alitwambia maghalani kwao walikuwa na maneno ya kupeana usiku, yasiyofanana na kitu, mtu akikwambia "sufuria" unajibu "mfuniko", ukikosea unalala chini. Yule aliyesema yeye ni birika alikuwa anatusubiri tujibu. Tukijibu sawa, mlango unafunguka.

— Tujibu nini? akauliza Wembe.

— Kikombe, akasema Kamanda. Ama sukari. Ndiyo kazi ya akili hapo.

Na walijaribu. Wallahi walijaribu. Hapakuwa na mahali pa kuandika, lakini Kamanda aliishika simu karibu na mdomo akasema kikombe mara kadhaa, kwa sauti ya lindo. Kisha akaja na hofu mpya, kwamba simu zina macho, kwamba kule wametuona tunakunywa kahawa na ndiyo maana wametujibu kwa chai, kutuonyesha kwamba wanatuona. Akachukua kipande cha plasta kutoka kwa Wembe akaziba kamera. Akataka na vikombe vifichwe chini ya benchi. Wembe akaficha chake.

Dalali akawaandikia tena huduma kwa wateja. Safari hii hakuinama. Aliandika: tovuti yenu inasema ni birika la chai, mzee wetu anahitaji macho. Wakajibu: mpendwa mteja, samahani, hatuuzi vyombo vya jikoni. Chini yake wakauliza, je, jibu hili limekusaidia? Dalali akabonyeza hapana. Wakasema asante, tunafurahi kukuhudumia.

Akapiga tena, akampata mwingine, kaka mwenye mafua. Huyu alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba amrudilie lile neno. Birika, akasema Dalali. Akamtajia na namba. Yule kaka akapekua kitu, tukamsikia anapekua, akasema kwamba hiyo namba yeye hanayo. Yeye anayo mia nne na nne, ambayo ni kwamba kitu hakipo, na anayo mia tano, ambayo ni kwamba kosa ni lao. Akatuuliza kama tunaweza kupata mojawapo ya hizo, maana hizo angeweza kutusaidia. Dalali akamuuliza tunaipataje mia tano. Kaka akasema huwa inakuja yenyewe. Akatushauri tuendelee kujaribu.

Kivuli cha paa kilikuwa kimeshavuka benchi kinaelekea barabarani. Ofisi zilikuwa zinakaribia kufunga. Niligeuka nikamwona Babu Saa anafuta bisibisi zake kwa kitambaa, moja moja, anazirudisha kwenye kisanduku kwa kuzipapasa, kila moja na kitundu chake. Hakukosea hata moja. Alikuwa anafanya hivyo kwa utulivu ambao sikuupenda kabisa.

— Basi, wanangu, akasema. Mmehangaika vya kutosha. Wamekataa.

— Hawajakataa, Babu, nikamwambia. Hawaeleweki tu.

— Kwangu mimi ni kitu kimoja.

Hapo ndipo akasema mama mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yetu muda wote huo na bahasha mkononi, akisubiri fotokopi zake. Hatukuwa tunamjua. Alikuwa na mtoto mwenye miwani mizito ameshika sketi yake, na simu yake ilikuwa wazi.

— Samahani, baba zangu, akasema. Si ndiyo ile tovuti ya macho? Mbona kwangu inafunguka?

Ilikuwa imefunguka. Nyeupe, bluu, na picha ya jicho kubwa linalotabasamu, kama jicho linaweza kutabasamu. Alikuwa ameshamsajili mwanawe akiwa amesimama pale pale, huku anatusikiliza.

Dalali alimuuliza kama anamjua mtu kule ndani. Hamjui. Kamanda akamuuliza birika limemwambia nini yeye, na yule mama akamsogeza mwanawe upande wa pili. Wembe akasema huenda wanawake wanafunguliwa kwanza. Tulikuwa tumeanza kubishana juu ya hilo wakati mwenye duka alipotoka, karatasi mkononi, uso umevimba.

— Nani anaichokoza hii tovuti ya hospitali? Tangu mchana wateja wangu hawaifungui. Watu wametoka mbali kuja kusajiliwa dukani kwangu, wanaambiwa ni birika.

Tukamwambia hata sisi tunaambiwa hivyo, tumejaribu kwa simu zote. Akauliza simu ngapi. Tukazionyesha. Akauliza kwa intaneti ya nani. Tukamwangalia yeye, maana hilo lilikuwa wazi. Mwenye duka akaegemea mlango, akatueleza polepole, anavyomweleza mtu aliyeleta karatasi moja anataka itoke mbili kwa bei ya moja. Sisi wote tunatoka kwa mlango mmoja, mlango wake. Kule hawaoni Wembe wala Dalali wala mteja aliyenyolewa nusu. Wanaona mtu mmoja, anagonga hodi bila kupumua mchana kutwa. Mwanzo walimwambia punguza. Hakupunguza. Sasa wanamjibu upuuzi ili achoke aondoke. Na huyu mama anatumia bando lake, ana mlango wake, kagonga mara moja kafunguliwa.

— Lakini huduma kwa wateja wametwambia tujaribu tena, akasema Dalali, na sauti yake ilikuwa ndogo.

— Na mnajaribu mpaka sasa?

Sote tulisema hapana. Kisha tukamwangalia Kamanda. Kidole chake gumba kilikuwa bado kinaenda.

Sikumbuki kama niliwahi kuona benchi lile likiwa na haya kiasi kile. Yule mzee ameomba mara moja, na sisi ndio tuliokuwa tukimwombea mpaka akafungiwa mlango. Yule mama hakutusimanga. Alivuta kigoda akakaa mbele ya Babu Saa, mwanawe akasimama katikati ya magoti yake, akasema tufanye haraka baba, muda umekwenda. Akamuuliza jina lake kamili.

Tukaangaliana tena. Miaka yote ile, na hakuna aliyekuwa analijua. Babu akalitaja mwenyewe, majina matatu, taratibu. Naliacha hapo, ni lake. Akaulizwa umri, akasema. Akaulizwa ni jicho lipi, akasema yote. Akaulizwa ni tangu lini haoni sawasawa, akasema tangu mvua kubwa za mwaka juzi. Mwaka juzi. Saa zote zile alizotengeneza tangu hapo, ya mkwe wangu ikiwemo, alikuwa anazitengeneza kwa sikio na ncha za vidole, na sisi tuko hatua mbili kutoka kwake tunabishana. Akaulizwa kama amewahi kufanyiwa upasuaji, kama ana sukari, kama ana presha. Alijibu kila kitu, wazi, bila kuona aibu mbele yetu.

— Limebaki moja tu, akasema yule mama. Wanataka mtu wa kumsindikiza. Anakwenda naye asubuhi, analala naye kule, na kesho yake akifunguliwa kitambaa anamshika mkono kumrudisha. Bila jina hawapokei. Nani atakwenda na mzee?

Aliuliza kama anavyouliza mtu anayejua jibu liko tayari. Alikuwa amesimama pale muda wote akituona tunavyompenda.

Wembe akakumbuka mteja wake aliyenyolewa upande mmoja, akamshika bega. Dalali akatoa simu, akaitazama, ingawa haikuwa imelia. Kamanda alianza kubandua plasta kwenye kamera kwa uangalifu mkubwa, kona moja baada ya nyingine. Na mimi, ambaye tangu kiangazi kianze sijashika mwavuli wa mtu, nilianza kufikiri kwamba siku ya safari hiyo mvua inaweza kunyesha. Nililifikiri kweli. Nikaangalia na juu. Mwenye duka akaingia ndani, mashine yake ikaanza kulia.

Yule mama alikuwa bado ameinua kidole juu ya kioo, anasubiri. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akatazama simu yake, uso ukabadilika.

— Nini tena? akauliza Babu Saa. Imeandika nini?

Yule mama akanisogezea mimi simu, labda kwa sababu nilikuwa karibu. Ilikuwa mia nne na nane. Hiyo haikutaka fundi wala huduma kwa wateja ili ieleweke.

— Imeandika, tumesubiri jibu lako, hukujibu, nikamsomea.

Babu Saa akageuza uso upande ilikotokea sauti yangu. Macho yake yalikuwa na ule ukungu, nikauona vizuri kwa mara ya kwanza, kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama.

— Lakini mimi maswali yangu yote nimeyajibu, akasema.

Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa amechanganyikiwa tu, kama sisi tulivyokuwa mchana kutwa, na alitaka mtu amweleweshe. Yule mama akaanza kubonyeza kurudi nyuma, taratibu, mara moja tu, na ukurasa ukakubali kurudi.

Mama Kahawa akainuka. Alipita benchini akakusanya vikombe, vya Kamanda na Dalali na changu, pamoja na cha Wembe kilichofichwa chini ya benchi. Hakuangalia kipi kimekwisha na kipi bado. Alivimwaga vyote barabarani, akaviweka kwenye ndoo, akajifuta mikono kwa kanga.

— Niandike mimi, akasema. Siku hizo mbili hawa watakunywa maji.